Menyu Ikufuate Ulipo

Monita ya pili ni msaada mkubwa kwa yeyote anayefanya kazi na maandishi, hesabu au picha. Mhasibu huweka taarifa ya benki upande mmoja na leja upande wa pili. Mfasiri huweka matini anayoisoma kushoto na tafsiri yake kulia. Mhariri wa video huiacha picha icheze kwenye skrini kubwa huku akipanga vipande kwenye ndogo. Bei nayo si kizuizi kama zamani, kwa kuwa monita zilizotumika kutoka nje zinapatikana madukani Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na kompyuta pakatwa nyingi zina tundu la HDMI linaloweza kulisha skrini ya ziada.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakuambii, kwa sababu dukani halionekani. Uwanja wako wa kazi unaongezeka maradufu, lakini menyu za programu zinaweza kubaki palepale. Skrini mbili za pikseli 1920 kwa 1080, zikiwekwa ubavu kwa ubavu, zinakupa upana wa pikseli 3840. Ukiwa kwenye pembe ya chini kulia na amri unayoitaka iko juu kabisa kushoto, unasukuma kipanya hadi kifike mwisho wa meza, unakiinua, unakirudisha, unasukuma tena. Jicho linatafuta kielekezi kilikopotelea. Shingo inageuka. Halafu safari hiyohiyo ya kurudi, tena ukitafuta mstari uliokuwa unausoma. Watu hufanya hivyo kutwa bila kulalamika, na jioni wanasema monita ya pili inachosha macho. Mara nyingi macho hayana kosa. Watu hao ni kama mpishi ambaye chumvi yake inakaa kwa jirani.

Ushauri wangu wote hapa unatokana na msimamo mmoja: menyu ndiyo ikufuate wewe, si wewe uifuate menyu. Karibu kila kompyuta inayotumika leo inaweza kupangwa hivyo bila kununua chochote. Kinachokosekana ni mtu kukaa nusu saa na kuipanga.

Tuanze na chanzo cha uchovu wenyewe, maana ukikielewa hutahitaji kukariri maagizo. Mwaka 1954 Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, aliwapa watu kalamu ya chuma na kuwataka wagonge kwa zamu vibao viwili, haraka kadiri wawezavyo bila kukosea. Alikuwa akibadili upana wa vibao na umbali kati yake. Aligundua kwamba kadiri kibao kinavyokuwa mbali, na kadiri kinavyokuwa chembamba, ndivyo mkono unavyochukua muda kukifikia, na uhusiano huo unaandikika kwa hesabu. Mwaka 1978 watafiti wa Xerox PARC huko California, Stuart Card, William English na Betty Burr, walionyesha kwamba kipanya cha kompyuta nacho kinaifuata kanuni hiyo.

Sasa fikiria ukingo wa skrini. Ukikisukuma kielekezi juu kwa nguvu, kinafika ukingoni na kusimama, hata ungeendelea kusukuma. Kwa hiyo kitu kilichobandikwa kwenye ukingo hakihitaji shabaha ya juu na chini. Unarusha mkono tu, ukingo unakusimamisha. Bruce Tognazzini, mmoja wa watu wa mwanzo kusanifu mwonekano wa kompyuta za Apple, ameitetea hoja hii kwa miaka mingi, na ana haki. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa na skrini ya inchi 9 yenye pikseli 512 kwa 342. Upau mmoja wa menyu juu ya skrini hiyo ndogo ulikuwa karibu na kila kitu, na ulikuwa na ukingo wa kuushika mkono. Hapakuwa na mpangilio bora zaidi.

Mwaka 1987 ikaja Macintosh II, ambayo ilikubali kadi zaidi ya moja ya picha na hivyo monita zaidi ya moja. Upau wa menyu ukabaki mmoja, kwenye skrini moja. Aliyefanya kazi kwenye skrini ya pili alilazimika kuvuka kila mara. Hali hiyo ilidumu, kwa sura mbalimbali, hadi mwaka 2013, toleo la OS X, mfumo wa Mac, liitwalo Mavericks lilipoweka upau wa menyu kwenye kila skrini. Miaka ishirini na sita ni mingi kwa tatizo ambalo kila mwenye skrini mbili alikuwa akilihisi begani. Nalitaja hili kwa sababu wapo watu ambao hadi leo wanatumia Mac kwa mazoea ya kabla ya 2013, au walirithi mashine ambayo mtu mwingine alizima uwezo huo.

Kama una Mac na upau wa menyu unaonekana kwenye skrini moja tu, fungua mipangilio ya mfumo, ingia sehemu ya Desktop & Dock, teremka hadi Mission Control, utafute mstari unaotaja Displays na Spaces. Uuwashe, kisha utoke kwenye akaunti yako na kuingia upya. Kuanzia hapo kila skrini itakuwa na upau wake. Kuna unachopoteza, na ni haki ukijue: dirisha moja halitaweza tena kutandazwa juu ya skrini zote mbili. Kwa wengi hilo si hasara. Kwa anayesoma jedwali pana sana lenye safu za miezi yote ya mwaka, ni hasara kubwa, naye anaweza kuacha uwezo huo ukiwa umezimwa na kutegemea kibodi, ambayo nitaifikia. Na ukibaki na upau mmoja, basi usiwe kwenye skrini usiyoitumia. Kwenye ukurasa wa kupanga skrini unaweza kuchagua ipi iwe kuu, na upau utahamia huko.

Tahadhari nyingine ya Mac: upau wa menyu ni wa programu unayoitumia wakati huo, si wa dirisha unalolitazama. Ukiwa na skrini mbili, macho yanaweza kuwa kwenye barua iliyo kulia huku programu iliyo hai ikiwa kivinjari kilicho kushoto. Unafungua menyu, unachagua kufunga, na kinachofungwa si ulichokusudia. Kabla ya amri yoyote nzito, tazama jina lililo kando ya alama ya tufaha. Likiwa si jina unalolitarajia, bofya kwanza ndani ya dirisha unalolitaka.

Kuna kosa la mpangilio ambalo nalikuta mara kwa mara, na halihusu Mac peke yake. Mtu anaweka monita kubwa nyuma ya kompyuta pakatwa, juu kidogo, na katika mipangilio anaziweka moja juu ya nyingine zikiwa zimelingana katikati. Inaonekana nadhifu. Lakini sasa ukingo wa juu wa skrini ya chini si ukingo tena, bali ni mlango wa kuingilia skrini ya juu. Unarusha mkono kuelekea kwenye menyu, nao kielekezi kinapita moja kwa moja kwenda juu. Kwa maneno mengine, monita ya pili inakuathiri mara mbili: inaongeza umbali, na inaondoa ukingo uliokuwa ukikusaidia. Jambo hilohilo huwapata wanaopanga skrini ubavu kwa ubavu. Dirisha likijaza skrini ya kushoto, upau wa kuviringisha ulio upande wake wa kulia unakaa mpakani, na kila ukiutafuta unajikuta skrini ya pili.

Dawa ni kuutumia ukurasa wa kupanga skrini kama mtu anayejenga ukuta. Pale unaona mistatili inayowakilisha monita zako, na unaweza kuiburuta. Kwa monita zilizo juu na chini, sukuma ule wa juu uelekee kulia, ili mistatili hiyo igusane kwa sehemu tu. Sehemu ya kushoto ya skrini ya chini, ambako ndiko menyu nyingi zinaanzia, itapata tena ukingo mgumu, na kielekezi kitavukia upande wa kulia tu. Kwa zilizo ubavu kwa ubavu, unaweza kuteremsha au kupandisha mmoja kidogo ili pembe unayoihitaji zaidi, tuseme ile yenye alama ya kufunga dirisha, iwe na ukuta. Jaribu, tumia kwa siku kadhaa, rekebisha. Mpangilio usiopendeza kwa macho kwenye ukurasa ule mara nyingi ndio unaopendeza kwa mkono.

Isipokuwa kwa hila hiyo ndogo, mpangilio wa ndani ya kompyuta ulingane na wa mezani. Hili ni jambo la msingi ambalo ofisi nyingi hazilifanyi. Monita iko kushoto kwenye meza, kompyuta inadhani iko kulia. Mfanyakazi anasukuma kipanya kuelekea asikotazama na amezoea. Monita zilizotumika ndizo hasa zinazohitaji uangalizi, kwa kuwa ni nadra kupata mbili za kimo kimoja. Ya inchi 19 yenye umbo la karibu mraba ikiwa kando ya ya inchi 24 iliyo pana, kielekezi kitakwama kwenye kingo zisizokutana. Buruta mistatili mpaka mstari wa juu, au ule wa chini, ulingane na unavyouona kwa macho. Na ile unayoitazama kwa muda mrefu zaidi iwe mbele ya kifua chako, si pembeni, kisha ifanye kuwa skrini kuu, maana huko ndiko programu nyingi zitafungukia na ndiko visanduku vya kuuliza maswali vitajitokeza.

Kwenye Windows habari ya menyu ni tofauti. Tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, menyu za Windows zinakaa ndani ya dirisha lenyewe. Windows 98 ilipoleta uwezo wa kutumia monita zaidi ya moja, menyu zilihama pamoja na madirisha bila mtu kufanya lolote. Kwa suala hili moja, Windows ilikuwa sahihi mapema. Hasara yake ni kwamba menyu haina ukingo wa kuushika mkono, hasa dirisha likiwa dogo katikati ya skrini pana, na kwamba kila dirisha linakula nafasi ya juu kwa upau wake. Bado, nikipima kati ya ukingo na ukaribu katika meza yenye skrini mbili, nachagua ukaribu.

Shida ya Windows iko kwingine: ukubwa wa maandishi. Kompyuta pakatwa ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080 kwa kawaida huwekwa ikuzwe kwa asilimia 125 au 150, la sivyo maandishi hayasomeki. Monita ya nje ya inchi 24 yenye pikseli zizo hizo inatosha kwa asilimia 100. Ukilihamisha dirisha kutoka moja kwenda nyingine, programu inatakiwa ijichore upya kwa kipimo kipya. Programu zilizoandikwa kwa uangalifu hufanya hivyo. Za zamani hazijui, na hapo ndipo unapoona menyu zenye ukungu, menyu ndogo kama maandishi ya chini ya ukurasa, au kubwa hadi hazitoshi kwenye skrini. Programu za hesabu na za kodi ambazo ofisi hazibadilishi kwa miaka ni miongoni mwa zinazosumbua.

Ukikutana na hilo, usiishie kukodoa macho. Kwanza, jaribu kuifunga programu na kuifungua upya ikiwa tayari kwenye skrini utakayoitumia. Baadhi husoma kipimo wakati wa kuanza tu. Pili, bofya alama ya programu kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, kichupo cha upatanifu, utakuta sehemu ya kubadili mipangilio ya DPI. Hapo unaweza kuiamuru Windows ifanye kazi ya kukuza yenyewe. Tatu, na hili ndilo linalofaa zaidi kwa programu korofi, ipe programu hiyo skrini moja ya kudumu. Usiihamishe. Programu ya kisasa ndiyo ihame, ya zamani itulie nyumbani kwake.

Niseme sasa juu ya madirisha yanayopotea, kwa kuwa huku kwetu yana sababu ambayo vitabu vya maelekezo havitaji. Umeme unakatika. Kompyuta pakatwa inaendelea kwa betri, monita ya nje inazimika. Ungetarajia kompyuta irudishe kila kitu kwenye skrini iliyobaki, lakini mara nyingi hairudishi, kwa sababu kebo bado imechomekwa, na kijisehemu ndani ya monita kinachojitambulisha kwa kompyuta kinaweza kusomwa kwa umeme mdogo unaopita kwenye kebo yenyewe. Kwa hesabu za kompyuta, monita ipo. Kwa hiyo barua yako, menyu zake, na kisanduku kinachokuuliza kama uhifadhi au usihifadhi, vyote viko kwenye kioo cheusi. Watu wengi hapo huzima mashine kwa nguvu na kupoteza kazi.

Usipapase gizani. Chomoa kebo ya monita. Kompyuta itatambua mara moja kwamba imebaki na skrini moja na kukusanya madirisha. Kama dirisha moja tu ndilo limebaki huko, na unatumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale wa kushoto au kulia; dirisha lililo hai litarukia skrini nyingine pamoja na menyu zake. Na likiwa limekwama nje ya skrini zote, jambo linalotokea baada ya kubadili monita, lichague kwenye upau wa kazi, bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, kisha M, kisha mshale wowote, halafu sogeza kipanya. Dirisha litanasa kwenye kielekezi na kurudi nacho. Ziandike njia hizo kwenye karatasi na kuibandika ukutani karibu na meza. Siku zikihitajika hutakuwa na utulivu wa kuzitafuta.

Watumiaji wa Linux wana historia yao. Ubuntu, kuanzia toleo la Aprili 2011, ilileta sura iitwayo Unity, ambayo iliziondoa menyu kwenye madirisha na kuziweka juu ya skrini, tena zikiwa zimefichwa hadi kielekezi kifike. Kwenye kompyuta ndogo ilisaidia kuokoa nafasi. Kwenye meza yenye monita kubwa mbili, dirisha lilikuwa chini kulia na menyu yake juu kushoto, haionekani. Malalamiko yalikuwa mengi, na toleo la 2014 likawapa watumiaji uhuru wa kuzirudisha menyu kwenye upau wa kichwa cha dirisha. Mwaka 2017 Ubuntu iliachana na Unity na kurudi GNOME. Anayetumia KDE Plasma leo anaweza kuchagua mwenyewe: menyu ndani ya dirisha, au kwenye upau wa juu. Kwa skrini mbili, namshauri aziache ndani ya dirisha.

Nimesema nitafikia kibodi, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko yote niliyotaja. Umbali mfupi kuliko wote ni sifuri, na kibodi inakupa hiyo. Sizungumzii kukariri njia za mkato mia moja. Hakuna mtu mwenye kazi anayekaa kufanya hivyo, na walimu wa kompyuta wanaowapa wanafunzi orodha ndefu za kukariri wanawapotezea muda. Nazungumzia kitu kimoja tu: kuitafuta amri kwa jina lake. Programu nyingi za sasa zina mahali unapoandika neno, nazo zinakuonyesha amri zinazolingana, popote zilipofichwa kwenye menyu. Kwenye Word na Excel za miaka ya karibuni, ni Alt na Q. Kwenye LibreOffice kuanzia toleo la 7.2 la mwaka 2021, ni Shift na Esc. Kwenye hati za Google, Alt na alama ya mkwaju. GIMP ni mkwaju peke yake. Blender ni F3. Waandishi wa programu wanaotumia Visual Studio Code wanaijua Ctrl, Shift na P. Kwenye Mac, bonyeza Command, Shift na alama ya mkwaju, kisanduku cha kutafutia kitafunguka kwenye menyu ya msaada. Andika neno, na mshale utakuonyesha amri hiyo inakaa wapi. Hilo la mwisho ni zuri kwa anayejifunza, kwa sababu linajibu swali na papo hapo linafundisha ramani.

Kwa mtu aliyezoea kipanya, hatua ya kati ni menyu ya kitufe cha kulia. Inafunguka pale kielekezi kilipo, kwenye skrini ileile, na humo mna amri nyingi unazozihitaji juu ya kitu ulichokibofya. Na kama hutaki kabisa kuugusa upau wa juu kwa kipanya, bonyeza Alt au F10 kwenye Windows, au Control na F2 kwenye Mac, na kwenye kompyuta pakatwa ongeza kitufe cha Fn. Menyu itashika, nawe utatembea ndani yake kwa mishale. Amri mbili au tatu unazozitumia kila siku na hazina njia ya mkato, zitengenezee. Mac inakuruhusu kufanya hivyo kwa amri yoyote ya menyu, kupitia mipangilio ya kibodi. Kwenye Word na Excel unaweza kuziweka kwenye upau mdogo wa amri za haraka, nazo zitajibu kwa Alt na namba yake.

Kielekezi chenyewe kikipotea kati ya skrini mbili, Mac hukikuza ukitikisa kipanya kwa kasi, na Windows inaweza kupangwa ikionyeshe kwa miduara ukibonyeza Ctrl. Iwashe hiyo leo. Wenye macho yanayofifia wataishukuru zaidi.

Watu wa picha na video wana jambo la ziada, yaani vile vidirisha vya zana vinavyoelea. Kishawishi ni kuvijaza vyote skrini ya pili ili picha ibaki peke yake kwenye ya kwanza. Vigawe. Zana unayoibadilisha kila dakika, kama brashi au rangi, ikae kando ya picha, skrini ileile. Ile unayoitazama tu, kama historia au orodha ya faili, ihamie skrini ya pili. GIMP kwa miaka mingi ilikuwa ikitawanya vidirisha vyake kila mahali; toleo la 2.8 la mwaka 2012 lilileta chaguo la kuviweka vyote ndani ya dirisha moja, na kwa toleo la 2.10 la mwaka 2018 hilo likawa ndilo la kawaida. Kwa anayefanya kazi ndefu kwenye picha moja, naona ulikuwa uamuzi mzuri.

Mwalimu na mhadhiri wanaotumia projekta nao wana skrini mbili, hata kama hawaziiti hivyo. Ukiwa umeipanua kompyuta badala ya kuinakili, menyu unayoifungua inaweza kutokea ukutani nyuma yako, mbele ya darasa zima, nawe huioni. Kabla ya wanafunzi kuingia, bonyeza kitufe cha Windows na P, uamue: kunakili kama utakuwa unaonyesha jinsi ya kutumia programu, ili unachokiona ndicho wanachokiona, kupanua kama unaonyesha slaidi na unahitaji maelezo yako pembeni. Kubadilisha katikati ya kipindi huvuruga madirisha yote. Na kwenye mikutano ya Zoom, ule upau unaokaa juu ya skrini unayoishiriki hufunika menyu za programu. Uburute uende chini.

Nina neno kwa vijana wanaoandika programu za mezani huku kwetu, za maduka, za vituo vya afya, za vyama vya akiba na mikopo. Wengi mnaandika na kujaribu kwenye kompyuta pakatwa moja. Azimeni monita, jaribuni pia kwa skrini mbili zenye vipimo tofauti vya kukuza. Kisanduku cha kuuliza kifunguke juu ya dirisha lililokiita, si katikati ya skrini kuu. Programu ikikumbuka mahali dirisha lilipokuwa jana, kwanza ihakikishe skrini ile bado ipo. Na muweke kisanduku cha kutafuta amri kwa Kiswahili, kwa sababu karani anajua anataka kufanya nini hata asipojua menyu gani imeificha.

Na wewe unayesimamia ofisi, unayetia saini ya kununua monita za wafanyakazi: usiishie kwenye kebo. Mtume fundi akae na kila mmoja kwenye meza yake, aulize anafanya kazi gani kutwa na anatazama wapi, kisha apange skrini kuu, vipimo vya maandishi na mistatili ya mipangilio kwa ajili ya mtu huyo, amwachie njia tatu za kibodi zinazohusu kazi yake. Nusu saa kwa kila meza inatosha, nayo iingizwe kwenye gharama za ununuzi tangu mwanzo.